Saa 11 Jioni Bila Bia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walioacha Pombe Dodoma

Kila Jumanne jioni tunakutana kwenye darasa la shule ya Jumapili, hapa Dodoma mjini. Siku nyingine tunakuwa kumi, nyingine wanne. Wote tumeacha pombe au tunajaribu. Mimi niko mwaka wa sita. Maswali haya hurudi kila anapoingia mtu mpya, na karibu yote yanahusu saa. Mgeni haulizi ataishije maisha yake yote bila pombe. Anauliza leo saa 11 ikifika afanye nini, na hilo ndilo swali linalojibika.

Sisi si madaktari. Swali la 1 lisomwe na kila mtu, hata anayeona halimhusu.

## Kabla hujaacha

1. Naweza kuacha leo hii, peke yangu, nyumbani?

Inategemea unakunywaje. Kama unakunywa jioni tu, na asubuhi unaamka mikono imetulia, wengi wa aina yako huacha wakiwa nyumbani. Lakini kama ukiamka mikono inatetemeka, jasho linakutoka, na hata kikombe cha chai hukishiki mpaka uzimue kwanza, usijifungie chumbani ukaacha kwa ubishi. Mwili uliozoea pombe kutwa, ukinyimwa ghafla, unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, akaongea na watu wasiokuwepo. Hali hiyo inaua. Ndugu wengi hudhani amerogwa, na muda unapotelea kwenye kumtafutia mganga.

Nenda hospitali na utaje kiasi halisi unachokunywa. Usipunguze chupa kwa aibu, maana dawa hupimwa kwa maelezo yako. Zipo dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo chache, na ipo vitamini B1, ambayo mara nyingi mnywaji wa miaka mingi anakuwa na upungufu wake. Hapa kwetu Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ndiyo kazi yao, na hospitali ya rufaa ya mkoa, tunayoiita General, inapokea dharura. Najua jina la Mirembe linavyotaniwa mjini. Nimepita pale mwenyewe. Ukitoka huandikwi kitu usoni.

2. Kwa nini hamu inanijia saa ileile, hata siku ambayo sina mawazo yoyote?

Kwa sababu mwili unakariri. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliona mbwa wake wakitokwa mate kwa ishara tu ya chakula, sahani ikiwa bado haijaletwa. Ishara zako unazijua: jua kuanza kuinama, basi la kutoka Mtumba kukushusha, moshi wa kwanza wa jiko la nyama choma, mlio wa kizibo. Ubongo unaanza kujiandaa kupokea bia kabla wewe hujaamua lolote. Anayesema "miguu ilinipeleka yenyewe" hadanganyi sana.

Uzuri ni kwamba ishara isiyofuatwa na chupa hupungua nguvu. Kila saa 11 inayopita kavu inaichosha kidogo, japo taratibu mno kwa mtu mwenye haraka (tazama swali la 18).

3. Hamu ikipanda inakaa muda gani?

Mara nyingi haizidi nusu saa. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, unywe usinywe. Wengi wetu tulikunywa miaka 15 bila kulijua hilo, kwa kuwa hatukuwahi kuiacha ishuke yenyewe. Ikianza, angalia saa, uandike. Halafu tafuta kazi ya mikono. Kati yetu yupo fundi seremala: hamu ikimshika anachukua msasa na kusugua ubao wowote ulio karibu mpaka ipite. Ana stuli laini kuliko zote Chang'ombe.

## Saa 10 hadi saa 3 usiku

4. Kazi imeisha, saa 10 na nusu. Nifanye nini hasa?

Kwanza ijue saa yako kwa dakika. Andika kwa wiki moja hamu inaanza lini. Mimi niliapa kwamba yangu ni saa 12, baa zikichangamka. Daftari likanionyesha ni saa 10 na dakika 40, nikiwa bado mezani nafunga kompyuta. Kumbe baa yangu ilikuwa inafunguliwa ofisini. Nilikuwa najipanga kwa saa 12, na ikifika nakuta nimeshashindwa muda mrefu.

Pili, kula kabla ya hiyo saa. Ushauri huu niliudharau kuliko wote, na ndio ulionisaidia kuliko wote. Ukila mchana saa 7, ikifika saa 11 tumbo ni tupu, na njaa ya mtu aliyezoea kuituliza kwa bia na mishikaki haijitambulishi kama njaa. Kula mhogo, chapati maharage, hindi la kuchoma, chochote cha kushiba. Kisha uone kama hamu ni ileile.

Tatu, badili njia. Dereva wangu wa bajaji alikuwa hata haniulizi. Nikikaa tu, anapinda kushoto, ananishusha mlangoni pa grosari: "Haya bosi, kesho." Wiki ya kwanza nikamwambia leo nyumbani. Akacheka, akapinda kushoto. Nikarudia. Akasimamisha, akageuka kuniangalia: "Unaumwa?" Nikasema ndiyo. Tangu siku ile akawa anazunguka barabara ya juu kwa shilingi 500 zaidi, na mwaka ule sikutoa hela nyingine kwa moyo mweupe kama ile.

Nne, hiyo saa ipe kazi yenye mtu anayekusubiri. Mazoezi ya kwaya, kumfuata mtoto twisheni, kuchota maji siku ya mgao, timu ya mtaani inayokuhitaji golini. Iwe kazi ambayo usipotokea, simu italia. "Nitaenda nyumbani nikapumzike" si mpango. Kochi lilinirudisha baa mara mbili.

5. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, familia iko Dar. Chumba kinanifukuza.

Swali hili limekuwa la kila mwezi tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016. Mtu alikuja na begi moja, akapanga chumba na sebule Ilazo au Kisasa, akasema mambo yakikaa sawa familia itafuata. Familia haijafuata. Baa ikawa ndiyo sebule: pale ana kiti chake, mhudumu analijua jina lake, watu wanamuuliza "jana ulikuwa wapi?". Kwa maoni yangu, mtu wa namna hii ana upweke unaovaa nguo za kiu, na ukimpa mbinu za kiu peke yake hazimfikishi mbali.

Isogeze simu ya nyumbani. Wengi hupiga saa 3 usiku, wakati zamani walikuwa wameshalewa na wa nyumbani wanasinzia. Piga saa 11 na nusu, pale pabaya. Mwenzetu mmoja anasimamia hesabu za mwanawe wa darasa la tano kwa simu ya video; baba akichelewa, mtoto ananuna. Pika mwenyewe pia. Kuchambua mlenda, kuuunga kwa karanga na kusonga ugali wa uwele kunamaliza saa nzima, na ukishashiba baa inakuwa mbali. Kama hutaki kupika, kaa mahali penye watu pasipo na kaunta. Kuna wanaomalizia jua kwenye mabenchi ya Nyerere Square na karanga za kukaanga.

Kuhusu Ijumaa: tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar wikiendi kumekuwa rahisi. Ijumaa ya kusafiri huwa haina shida. Ipangie Ijumaa ya kubaki.

6. Nikinywa malta, soda au bia isiyo na kilevi badala yake?

Soda, maji, ukwaju, juisi ya ubuyu: kunywa, tena baridi, tena mapema. Wiki za mwanzo wengi hushikwa na hamu ya sukari, usishangae. Mwenye kisukari ajihadhari.

Bia isiyo na kilevi mimi naikataza kwa miezi ya mwanzo, ingawa wapo waliovuka nayo salama. Chupa ni ileile, povu lilelile, harufu ileile, na hizo ndizo ishara za swali la 2. Nawajua wawili walioanza nayo Jumatatu, Ijumaa wakawa kwenye yenyewe. Tena soma lebo, maana nyingine zinaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5. Malta haina neno, ila ukiinywa kwenye kaunta ya baa tatizo ni kaunta. Na togwa iliyolala siku mbili si togwa tena.

7. Usiku silali kabisa.

Ni kawaida. Pombe hukulaza haraka kisha ikakuamsha saa 8 usiku, na usingizi halisi huchukua wiki kadhaa kurudi. Kahawa na chai ya rangi ziishe mchana. Usijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Baadhi yake vina utegemezi wake, na utakuwa umehama nyumba tu. Kama kukosa usingizi kunakuja na jasho na kutetemeka, rudi swali la 1 sasa hivi.

## Asubuhi

8. Yangu si jioni. Ni asubuhi, kabla ya kazi.

Anza na swali la 1, bila mjadala. Zamani kiroba, kile kifuko kidogo cha pombe kali, kilikaa mfuko wa shati kama kalamu. Vilipigwa marufuku Machi 2017, tukahamia vichupa. Anayehitaji kichupa ili aweze kufunga vifungo vya shati ni wa kumwona daktari.

Kama ni mazoea tu ya Jumapili, supu ya kongoro na "moja ya kuzimua", beba hotipoti, nunua supu, kainywee nyumbani.

## Wikiendi, hela na sherehe

9. Jumamosi ni Msalato. Mnadani bila bia inawezekana?

Inawezekana, lakini si mwezi wa kwanza. Ule moshi wa mbuzi, ndimu, pilipili na vumbi peke yake ni mwaliko. Baada ya miezi miwili mitatu, nenda mapema na mtu asiyekunywa, mpimiwe nyama, mle mmesimama, muondoke. Kinacholeta bia ni kukaa. Ukishavuta kiti cha plastiki, mtu ataagiza raundi na jina lako litakuwemo. Au nunua mguu mbichi ukachome nyumbani. Majirani watajileta wenyewe.

10. Mshahara ukiingia, mipango yote inavunjika.

Ujumbe wa benki nao ni ishara, sawa na mlio wa kizibo. Siku hiyo isikukute na hela mkononi saa 10. Lipa kodi, ada na deni la duka mchana uleule, nyingine mtumie unayemwamini, ubaki na nauli. Wenye posho za semina, na wale ambao kazi zao huchangamka vikao vya Bunge vikianza, wana kazi ngumu zaidi, kwa sababu posho haina tarehe. Wao wawe na sheria moja: posho hailali mfukoni.

11. Kwenye sendofu wakipita na shampeni nisemeje?

"Asante, mimi soda." Kisha nyamaza. Maelezo marefu ndiyo yanayofungua mjadala. Shika glasi yenye kitu muda wote. Mwenye glasi tupu hupewa.

Wengine husingizia dozi: "niko kwenye Flagyl." Watu wataitikia, maana kila mtu anajua Flagyl na pombe haviendi pamoja. Ubaya wa dozi ni kwamba inaisha siku ya saba, na rafiki zako wanahesabu.

12. Mechi ya Simba na Yanga?

Dakika 90 tu, lakini watu hufika saa mbili kabla. Tazamia kibanda umiza au sebuleni kwa mtu. Ukishinda ondoka mapema, ukifungwa ondoka mapema zaidi.

## Watu wa karibu

13. Rafiki zangu wanasema najidai.

Wengine wana huzuni ya kweli ya kukupoteza, usiwatukane. Waite mchana: chai, msiba, kazi ya ujenzi. Atakayekuja mchana ni rafiki. Anayekupigia saa 11 tu alikuwa mwenza wa saa 11.

14. Mimi ni mke wake. Saa ikifika nifanyeje?

Mama, usimnuse. Najua unatamani. Ukimnusa kila akiingia mlangoni atajiona mtuhumiwa hata siku aliyoshinda. Chakula kiwahi kuiva, saa 11 badala ya saa 2. Ni mabadiliko madogo yenye nguvu kubwa. Mpe shughuli ya kweli na umtegemee kwayo. Usimwage maneno ya miaka kumi katika nusu saa hiyo. Mambo hayo ni ya kweli na yana haki ya kusemwa, yasemwe asubuhi. Na kama anakupiga, hilo si suala la pombe pekee. Tafuta usalama wako na watoto kwanza.

## Hali zisizo za kawaida

15. Pombe ndiyo inayonilisha. Nitaikimbiaje?

Huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni akina mama wanaopika wujimbi, pombe ya kienyeji ya mtama. Mavuno ya mtama yakishaingia, kiangazi, nyumba nzima inanuka kimea, na mpishi lazima aonje ajue kama imeiva. Bibi mmoja wa upande wa Bahi alituchekesha alipoeleza alivyoacha: siku hizi anayeonja ni shemeji yake, yeye anasikiliza tu mtungi unavyochemka na kutazama povu. Anasema biashara haijashuka. Si kila mtu ana shemeji mwaminifu, lakini wazo ni hilo: gawa ile hatua moja inayopita mdomoni mwako.

Wa pili ni watu wa zabibu, kuanzia Hombolo hadi Makutupora. Kwao saa ni msimu. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wakati wa kukamua mchuzi wa zabibu uko kwenye ndoo, kwenye nguo, mpaka hewani. Omba kazi ya shamba au ya kupakia badala ya ghala. Kama haiwezekani mwaka huu, basi mikutano yako na simu zako ziongezeke msimu huo, na malipo yasipokelewe kwa chupa. Ukiona msimamizi haelewi, sema una tatizo la ini. Kwa mnywaji wa miaka mingi huenda hata hujadanganya.

Wahudumu wa baa: kwa kweli, tafuteni kazi nyingine. Sijaona aliyefaulu akiwa kaunta.

16. Divai ya Meza ya Bwana?

Zungumza na mchungaji au padri wako kabla ya ibada. Kanisa Katoliki na Anglikana yote mawili hufundisha kwamba anayepokea mkate tu amepokea kikamilifu, na baadhi ya makanisa hutumia juisi ya zabibu. Pita, pokea mkate, rudi kwenye benchi. Hakuna anayehesabu.

17. Kwaresima nilikaa siku 40 bila tone. Pasaka nikarudi palepale, na kubaya zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu zile siku 40 zilikuwa na mwisho, na kila siku ulikuwa unauhesabu. Pasaka ikawa saa 11 kubwa kuliko zote. Hata hivyo hujapoteza kitu: umeshaona mwili wako unaweza. Safari ijayo panga Jumatatu ya Pasaka yenyewe kama ilivyo kwenye swali la 4. Waislamu huniambia Idd ni hivyohivyo.

Na kama umeteleza jana, sema leo kwa mtu mmoja, kabla ya saa yako. Andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umekula, ulikuwa na nani. Chupa moja ya Jumanne haikulazimishi kunywa hadi Jumapili. Ila kama umerudia kunywa siku kadhaa mfululizo, kuacha upya kunaanzia swali la 1.

18. Hii hamu itakoma lini?

Kwangu wiki tatu za kwanza ilikuja kila siku. Hadi mwezi wa nne ikawa Ijumaa na siku ya mshahara. Mwaka wa pili ilikuja mara chache, bila hodi. Wenzangu wengine imewachukua muda mfupi zaidi, wengine mrefu. Dawa za kupunguza hamu zipo na daktari anaweza kuzizungumzia.

Ya mwisho niliyoiandika ilinikuta Soko la Majengo, Desemba, mvua ya kwanza. Tulijibanza chini ya bati watu kama wanane, vumbi lililolowa linanukia, na nyuma yangu mtu akafungua chupa. Mate yakanijaa mdomoni kama mwaka ule wa kwanza. Nikatoa simu kuangalia: saa 10 na dakika 43. Nikahesabu nyanya za mama aliyekuwa ameketi mbele yangu, fungu kwa fungu, mpaka mvua ikakatika. Nikanunua mafungu mawili, nikavuka barabara kutafuta bajaji.